Kutunga Shairi Moja na Darasa Zima



Leo nimepewa nafasi niseme nanyi habari za kazi moja ya darasani ambayo watu wengi huidhani ni mchezo tu, nayo ni kutunga shairi moja kwa vinywa vingi. Simaanishi shairi ambalo mwalimu amelitunga usiku peke yake, akawafundisha watoto kulikariri, nao wakalisema mbele ya mgeni wakiwa wamepangwa safu mbili. Hilo twalijua sote, nalo lina faida yake. Nasema habari za shairi ambalo asubuhi halikuwako duniani, wala mwalimu mwenyewe hakulijua, na ifikapo saa ya kwenda nyumbani liko ubaoni, nalo ni mali ya darasa zima.

Labda mtu atasema moyoni mwake, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Methali hiyo ni ya kweli, wala siibishi. Lakini mtu asemaye hivyo na asimame siku moja kando ya ziwa letu la Tanganyika, awatazame wavuvi wanapovuta wavu. Mmoja huanzisha wimbo, wengine huitika, na mikono yote huvuta kwa pamoja. Hapo manahodha si wengi. Nahodha ni wimbo wenyewe, na kila mtu anautii kwa kuwa anausikia. Shairi la Kiswahili nalo lina nahodha wake, yaani mizani na vina, na hiyo ndiyo sababu shairi lafaa kutungwa na watu wengi kuliko insha au hadithi. Katika insha mtoto mmoja akisema sentensi yake ni nzuri na mwingine akisema ni mbaya, nani atawaamua ila mwalimu? Katika shairi sheria huamua mambo mengi kabla mwalimu hajafumbua kinywa.

Tena jambo la kutunga kwa kushirikiana si geni kwetu. Muyaka wa Mombasa, aliyeishi zamani za utawala wa Mazrui, alikuwa akitoa mafumbo kwa mashairi, na wenzake wakimjibu kwa mashairi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kupigwa chapa Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi ya wasomaji. Mtu wa mji mmoja akiuliza, mtu wa mji mwingine alimjibu, na wote wawili pengine hawakuonana maisha yao yote. Kisha akaja marehemu Mathias Mnyampala, mtu wa Ugogo, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Yeye ndiye aliyeeneza ngonjera, yaani mashairi ya watu wawili au zaidi wanaobishana na kujibizana mpaka wapatane. Kitabu chake cha Ngonjera za UKUTA kilitoka mwaka 1970, na shule nyingi za Tanzania zikazishika ngonjera kwa furaha.

Na sisi watu wa Kigoma tuna sababu yetu wenyewe ya kujivuna. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Baadaye, mwaka 1960, alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha akawa Waziri wa Sheria, akafariki mwaka 1964 angali kijana. Lakini kabla ya kushika sheria za nchi alizishika sheria za ushairi, maana kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilitoka mwaka 1954, na mpaka leo watu wabishanao juu ya mizani na vina hawana budi kukitaja. Yeye alishikilia kwamba shairi sharti liimbike. Kutoka Ujiji mpaka Mwandiga si safari ya siku nzima hata kwa miguu, walakini watoto wa Mwandiga nilipowauliza habari za mshairi huyu hawakulijua jina lake. Basi naliwaambia kwamba sheria tutakazozitumia leo ziliandikwa na mtu aliyekuwa mtoto mdogo hapo jirani. Wakakaa vizuri.

Mwandiga, kwa wale wasiopafahamu, ni njia panda. Mtu akitoka Kigoma mjini hufika pale, na hapo barabara hugawanyika, moja yaenda Kasulu na nyingine yapanda milima kwenda Kalinzi na Manyovu, mpaka wa Burundi. Kwa hiyo soko lake lina vitu vya pande zote: mawese, ndizi, maharage, muhogo, na dagaa waletwao kutoka mwalo wa Kibirizi. Na darasa la Mwandiga ni kama soko lake. Yuko mtoto wa mkulima wa michikichi, yuko mtoto wa mvuvi, yuko mtoto wa mama auzaye dagaa kwa visado. Mimi nalikwenda huko mwezi wa Julai mwaka 2024, pamoja na walimu wanafunzi wa chuo chetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Darasa tulilopewa lilikuwa la sita, nalo lilikuwa na watoto zaidi ya 60.

Mtakumbuka kwamba mwaka huo ziwa lilifungwa. Tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti shughuli za uvuvi zilisimamishwa katika Ziwa Tanganyika, ili samaki wapate kuzaliana, kwa mapatano ya nchi nne zenye ziwa hilo, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Watu wa serikali waliliita jambo hilo kupumzisha ziwa. Neno hilo likawa kinywani mwa kila mtu, na watoto walipoulizwa watunge shairi la nini, hawakufikiri sana. Wakasema, "Ziwa, mwalimu."

Sasa yafaa niseme jinsi kazi yenyewe ilivyokwenda, kwa faida ya walimu wanaonisikiliza.

Kwanza tuliligawanya darasa katika makundi ya watoto sita sita, na kila kundi likatumwa nje kuokota kokoto 16. Kokoto hizo zilipangwa juu ya dawati safu mbili, nane huku na nane huku, maana mstari wa shairi la kawaida una mizani 16, nane katika kipande cha kwanza na nane katika kipande cha pili. Mtoto akitaja maneno yake, mwenzake husogeza kokoto moja kwa kila silabi. Kokoto zikibaki, maneno hayatoshi. Kokoto zikiisha na maneno yangali yanakuja, yamezidi. Hapana haja ya kumwuliza mwalimu.

Msidharau kokoto hizo. Kundi moja lilileta kipande hiki: "Samaki wamepumzika." Wakahesabu: sa, ma, ki, wa, me, pu, m, zi, ka. Tisa! Wakahesabu tena polepole, wakapata tisa. Wawili wakasema kwamba ile "m" katika pumzika haina haki ya kuhesabiwa kwa kuwa haina irabu. Wengine wakakataa, wakasema, "Mbona katika neno mtoto twaihesabu?" Nikawaambia watamke maneno mawili, mtoto na mbuzi, kila mmoja akiweka kiganja chini ya kidevu chake, wasikie wenyewe. Katika "mtoto" sauti ya "m" yasimama peke yake. Katika "mbuzi" yashikana na "b" nayo yapita pamoja nayo. Basi "m" ya pumzika yasimama. Kipande kikabaki na tisa, na ilibidi kipunguzwe. Baada ya mabishano kijana mmoja akasema, "Samaki wapumzika." Nane kamili. Na papo hapo watoto wale wakaona jambo ambalo vitabu vya sarufi huwaeleza kwa kurasa nyingi, kwamba "wamepumzika" na "wapumzika" si neno moja lililofupishwa, bali ni nyakati mbili mbalimbali. Wapumzika, yaani sasa hivi, tunapoandika. Hawakulisahau tena, nadhani kwa sababu lilikuwa na bei ya kokoto.

Hapa niseme neno kwa upande. Wako walimu wapendao kuwafundisha watoto tangu mwanzo kukata maneno ili mizani itoshe, wakiandika 'meenda na 'takuja. Washairi wakubwa hufanya hivyo, ni kweli. Lakini mtu hukata nguo akiisha kujua kushona. Mtoto wa darasa la sita na atafute neno jingine kwanza. Kiswahili kina maneno mengi.

Baada ya mizani huja vina. Nilipoliandika neno "kina" ubaoni watoto walicheka, maana kwao kina ni kina cha ziwa, na ziwa letu lina kina cha mita 1,470, wala duniani hakuna ziwa lilipitalo kwa kina ila Baikal la Urusi. Nikawaambia kwamba kina cha shairi nacho chaweza kumzamisha mtu, na baada ya saa moja walikiona. Kundi moja lilikuwa limepata kina cha "ri" katikati na "ka" mwishoni, likaleta mstari huu:

Siku zapita vizuri, baba nyumbani acheka.

Mizani sawa, vina sawa. Mwalimu mwanafunzi akafurahi, akataka kuuandika ubaoni. Nikamwomba angoje. Nikamwuliza yule mtoto aliyetoa maneno hayo, ambaye baba yake ni mvuvi, "Je, baba yako anacheka siku hizi?" Akatazama chini, akajibu, "Hapana, mwalimu. Ananyamaza." Nikamwuliza, "Mbona umesema acheka?" Akasema, "Nalitafuta ka."

Nalitafuta ka! Wasikilizaji wangu, mashairi mangapi tuliyoyasikia yametungwa na watu wazima waliokuwa wakitafuta ka? Kina ni sheria njema, lakini humshawishi mtu aseme lisilokuwako kwa kuwa sauti yake ni tamu. Basi tulifanya desturi katika darasa lile, kwamba kila mstari ukishapimwa kwa kokoto hupimwa mara ya pili kwa swali moja: Je, ni kweli? Mstari wa baba acheka ukafutwa. Hakuna aliyeona haya, maana aliyeufuta ni mwenyewe.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niombe nafasi hii ya kusema nanyi, nalo ni habari ya kituo. Kituo ni ule mstari wa mwisho wa ubeti, ambao mara nyingi hurudiwa katika kila ubeti mpaka mwisho wa shairi. Huo ndio mstari wa watu wote. Beti zaweza kugawanywa kwa makundi, lakini kituo hutungwa na darasa zima, na huimbwa na darasa zima. Tulikubaliana upesi juu ya kipande cha kwanza: "Ziwa limepumzishwa." Nane. Ikabaki kutafuta cha pili. Msichana mmoja hodari, wa mstari wa mbele, mwenye sauti, akasimama akasema:

Ziwa limepumzishwa, sote tumefurahia.

Wakahesabu, ikatosha. Kiswahili chake safi, maana yake njema, na mgeni yeyote wa serikali angeupigia makofi. Watoto wengi walipiga kelele kwamba huo ndio. Chaki ilikwisha kugusa ubao, ndipo sauti ikatoka nyuma kabisa, upande wa dirishani: "Sote? Mama yangu hakufurahi."

Darasa likanyamaza. Mtoto aliyesema alikuwa wa mama auzaye dagaa, na kwa muda wa miezi miwili mama huyo hakuwa na kitu cha kuuza.

Mwalimu mwanafunzi alinitazama, kisha akafanya jambo ambalo vijana wengi wangefanya: akataka watoto wapige kura kwa kuinua mikono. Nikamzuia, nami nataka kueleza kwa nini. Kura ni njia njema ya kumchagua kiranja. Kura ingepigwa pale, msichana wa mbele angeshinda kwa mikono 50 dhidi ya 10, na mstari ungebaki. Lakini je, ungekuwa kweli? Neno "sote" halina maana ya "wengi wetu". Neno "sote" lina watoto wote ndani yake, na yule wa dirishani pia, naye amesema hamo. Mtu atungaye shairi lake peke yake husema "mimi", na akikosea, kosa ni lake. Darasa litungapo husema "sisi", na "sisi" ni neno zito, maana mtu aweza kutiwa ndani yake bila kuulizwa. Wengi wetu tumewahi kuimbishwa "sisi" ambazo hatukuwamo.

Kwa hiyo tuliweka sheria ya pili, nayo ni hii: mstari wowote wenye "sisi" ndani yake, mtoto mmoja tu akisema, "Mimi simo," mstari husimama mpaka upatikane ambao yeye yumo. Si lazima aupende. Sharti awemo.

Msidhani kazi ilikuwa rahisi baada ya hapo. Watoto wa wakulima wa michikichi walisema kwamba wao hawana njaa, kwa hiyo hawataki kituo cha kulia. Watoto wa wavuvi walisema hawataki kituo cha kushangilia. Mmoja akaleta "sote tumehuzunika," nao ukaanguka kwa sheria ile ile iliyoangusha wa kwanza. Zilipita dakika karibu 40, kengele ikalia, na watoto hawakutoka. Mwishowe mtoto mmoja, wala simkumbuki alikuwa wa upande gani, akauliza swali: "Ni kitu gani tunachokifanya sote?" Kimya. Kisha mwingine akajibu, "Tunangoja." Mkulima anangoja, maana hali ugali wake kwa dagaa kama alivyozoea. Mvuvi anangoja, muuzaji anangoja, hata samaki wanangoja. Kituo kikapatikana:

Ziwa limepumzishwa, nasi tunalingojea.

Wakahesabu kwa kokoto mara tatu, si kwa shaka bali kwa furaha.

Beti zilitoka siku ya pili. Kundi la kwanza lilileta huu:

Mitumbwi i mchangani, na nyavu zimeanikwa,
Hakuna moto ziwani, na taa zimetungikwa,
Sufuria i jikoni, tupu na imefunikwa,
Ziwa limepumzishwa, nasi tunalingojea.

Wale waliowahi kukaa Kigoma wanajua moto wa ziwani ni nini. Usiku usio na mwezi wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao, na mtu akisimama mlimani aweza kudhani mji mwingine umejengwa juu ya maji. Miezi ile mitatu mji huo ulizimika.

Na mstari wa sufuria una habari yake. Alioutoa ni msichana ambaye, tuliambiwa, hakuwahi kusimama kujibu swali tangu mwaka uanze. Nyumbani kwao husema Kiha, kama watoto wengi wa Mwandiga, na Kiswahili chake humtoka kwa shida mbele ya watu. Katika kundi la sita mtu hujificha kwa shida zaidi kuliko katika darasa la 60, wenzake walimwambia, "Nawe toa chako." Akasema kwa Kiha, kwa sauti ndogo, na mwenzake akalitia katika Kiswahili, na watatu wengine wakalipanga kwa kokoto. Je, mstari ule ni wa nani? Mimi nasema ni wa wote watano, lakini jambo lililoonwa ni lake. Mwalimu mwanafunzi alimwuliza, "Sufuria tupu yafunikwa kwa nini?" Akajibu kwamba mama yake huifunika ili wadogo zake wasione kwamba haina kitu. Hakuna mwalimu angeweza kutunga hilo. Naliitazama chaki mkononi mwangu nikaiweka chini.

Maana hatari kubwa ya kazi hii ni chaki ya mwalimu. Mtoto husema, "Jiko letu halina moshi," na mwalimu huandika "Umaskini umetanda," akidhani amemsaidia. Amemnyang'anya. Mwalimu aandike kama alivyosikia, na likihitaji kunyoshwa, walinyoshe wao. Kazi yake ni kushika zamu, kuwanyamazisha wenye sauti kubwa kidogo, na kujua kamusi iko wapi.

Kundi la pili lilikuwa na watoto waliosikia nyumbani habari za faida ya kufunga ziwa. Nao wakajibu, kwa desturi ya ngonjera:

Twaambiwa tusubiri, mayai yatapevuka,
Dagaa watakithiri, na wavu utafurika,
Tukivua kwa jeuri, kesho tutavua taka,
Ziwa limepumzishwa, nasi tunalingojea.

Angalieni kituo. Maneno ni yale yale, hata nukta haikubadilika, lakini katika ubeti wa kwanza kungoja ni kwa mtu mwenye sufuria tupu, na katika wa pili kungoja ni kwa mtu mwenye tumaini. Watoto waliliona hilo wenyewe walipoimba. Upande mmoja ulikiimba kituo polepole, upande mwingine ukakichangamsha, bila kuagizwa na mtu.

Najua wako watu watakaoniuliza kwa nini nashikilia vina na mizani, na hali tangu miaka ya 1970 tunayo mashairi huru, na marehemu Euphrase Kezilahabi, aliyetoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, aliandika hivyo kwa ustadi. Mimi sina ugomvi na mashairi huru, nami huyasoma. Lakini nasema habari za darasa la watoto 60 na ubao mmoja. Shairi huru humtaka mtu ajue mwenyewe mstari ukatike wapi, na watoto 60 wataukata mahali 60, na mwishowe mwalimu ndiye ataamua yote. Kokoto hazimpendelei mtoto wa mwenyekiti wa kijiji. Mtoto akiwa mkubwa, akitaka kuziacha kokoto zake mlangoni, na aziache.

Shairi lile lilipata beti tano. Lilisomwa siku ya mkutano wa wazazi, watoto wakiwa wamegawanyika pande mbili kama nilivyoeleza. Ubeti wa pili ulipokwisha, baba mmoja mvuvi akasimama. Hakuwa na hasira, lakini hakucheka. Akasema, "Wanangu, mmesema vizuri. Lakini mmesema jeuri. Nani mwenye jeuri? Sisi tunaowalisha?"

Walimu tulitazamana. Neno hilo kweli lilikuwa kali, na katika nyumba nyingi za kando ya ziwa mtoto hamwambii baba yake hivyo. Mwalimu mmoja akanong'ona kwamba afadhali tuombe radhi, tuendelee na habari nyingine. Ndipo kijana mmoja wa kundi la pili akapiga hatua moja mbele, akamwamkia mzee yule kwa heshima, akasema, "Baba, hatukusema wakivua. Tumesema tukivua. Sisi tunaokula dagaa wachanga tumo, na sisi tunaowanunua sokoni tumo."

Mzee akafikiri kidogo. Akauliza, "Na kokoro limo?" Maana kokoro, ule wavu ukokotwao mpaka ufukweni, huzoa wakubwa na wadogo pamoja, nalo limekatazwa. Kijana akajibu kwamba limo. Mzee akasema, "Kama kokoro limo, na mimi nimo," akaketi. Kisha akawaambia waanze tena ubeti ule, kwa kuwa hakuusikia vizuri mara ya kwanza.

Kwa mwalimu atakayetaka kujaribu: achague jambo ambalo watoto wenyewe wanabishana juu yake nyumbani, atosheke na ubeti mmoja kwa siku, na kituo akitengee siku yake peke yake. Karatasi ya shairi iandikwe "Darasa la Sita" mahali pa jina la mtungaji, na kila mtoto alinakili kwa mkono wake katika daftari lake. Na kokoto zihifadhiwe katika kopo, watoto huzipoteza.

Muda wangu umekwisha. Kwaherini.